Maonyesho ya Kazi za Wanafunzi na Jina la Mwenye Kitu

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Lorugum)



Halmashauri imeniagiza niseme nanyi juu ya ombi lililoletwa kwetu na vijana wetu walioko chuoni Lodwar. Wanataka kufanya maonyesho ya kazi zao za sanaa, yaani picha, michoro, sanamu za udongo na kazi za shanga. Nao wanawaomba wazee na akina mama wa Lorugum wawaazime vyombo vya kale viwekwe kando ya kazi hizo. Najua ya kuwa wengi wenu mlipolisikia ombi hili mlinyamaza. Sababu ya kunyamaza kwenu naifahamu, na kwa sehemu sababu hiyo ni mimi. Kwa hiyo nitaanza na kosa, kisha nitasema juu ya mpango.

Miaka kadhaa iliyopita palifanyika maonyesho ya namna hii katika chuo ambacho si lazima nikitaje. Nilitumwa kukusanya vyombo. Mama mmoja mzee alinipa chombo chake cha mti cha kukamulia, alichorithi kwa mama yake. Katika daftari niliandika: "Chombo cha maziwa, 1." Jina lake sikuliandika. Chombo kiliwekwa dirishani, jua la mchana likakipiga siku tatu, kikapasuka. Mama alipokuja aliomba asomewe maandishi yaliyobandikwa hapo. Nikamsomea: "Chombo cha Waturkana." Akaniambia, "Mwanangu, umewaandika Waturkana wote, mimi ukanisahau." Akakifunga chombo chake katika shuka, akaenda zake. Hakudai fidia. Afadhali angalidai.

Kosa langu halikuwa la peke yangu. Katika majumba mengi ya makumbusho huko Ulaya vimo vyombo vya Afrika vilivyokusanywa zamani, na juu yake limeandikwa jina la kabila tu. Nani alichonga, nani alitumia, hakuna ajuaye, kwa sababu mwenye daftari hakuuliza. Jina likikosa kuandikwa siku ya kwanza, ni shida sana kulipata baadaye.

Sasa yafaa tuwatazame waliotutangulia. Katika mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell, mke wa daktari wa hospitali ya Mulago, alianza kufundisha sanaa barazani kwa nyumba yake huko Kampala. Hakuwapa wanafunzi picha za kigeni wazinakili. Aliwasimulia jambo, kama vile safari au shughuli za kijijini, kisha kila mmoja akachora alivyoliona moyoni mwake. Mwaka 1938 kazi hizo zilionyeshwa Namirembe, na mwaka 1939 zikaonyeshwa London katika Imperial Institute. Mafundisho yale ya barazani ndiyo yaliyokuwa chanzo cha Shule ya Sanaa ya Makerere.

Nataka mtazame utaratibu wake. Kazi zilionyeshwa kwanza nyumbani, mbele ya watu wa pale pale, kabla ya kuvuka bahari. Tena Bibi Trowell hakudharau kazi za mikono za wenyeji. Alishika pia kazi ya kutunza Makumbusho ya Uganda, na mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann walitoa kitabu kikubwa juu ya ufundi wa makabila ya Uganda. Katika shule ile walitoka watu ambao majina yao yanajulikana: Gregory Maloba, mzaliwa wa magharibi ya Kenya, aliyetengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962, Sam Ntiro wa Kilimanjaro, mchoraji, aliyekuwa Balozi wa Tanganyika huko London, na Elimo Njau, ambaye mwaka 1959 alichora habari za Yesu katika kuta za kanisa la Murang'a, akiweka ndani yake watu na mashamba ya pale pale. Hawa hawakuitwa "kazi ya Wachaga" wala "kazi ya Waafrika." Waliitwa kwa majina yao.

Basi nije kwenye mpango wenyewe. Watu wengi hudhani maonyesho ni kupigilia misumari na kutundika picha. Hiyo ni kazi ya siku mbili tu. Kazi yenyewe ni ya miezi mitatu.

Mwezi wa kwanza ni wa kuuliza na kuchagua. Wanafunzi waamue maonyesho yanataka kusema neno gani. Wao wamependekeza "Maji na Mifugo," nami naona wamechagua vema. Kila kazi isiyosaidia neno hilo iachwe, hata ikiwa nzuri. Picha arobaini zilizosongamana ukutani hazionekani. Picha kumi na tano zenye nafasi huonekana. Tarehe nayo ichaguliwe kwa busara. Isiwe wakati wa mvua kubwa za Machi hadi Mei, malaga yanapojaa na kufunga njia, wala isiwe wakati wa mitihani.

Mwezi wa pili ni wa kutengeneza. Fremu zikatwe, picha zibandikwe juu ya karatasi ngumu, na chumba kipimwe kwa futi na kuchorwa kwenye karatasi, ili kila kitu kijulikane mahali pake kabla hakijaletwa. Mgeni aingie mlango mmoja na kutoka mwingine, asirudi nyuma na kukanyagana na wenzake. Upepo wetu wa Turkana una vumbi; madirisha ya upande wa upepo yafunikwe kwa kitambaa cha marekani, nacho kitazuia jua pia. Vyombo vya mti na ngozi visikae kamwe juani. Mahali pengi wataalamu huweka katikati ya picha kiasi cha sentimita 150 kutoka sakafuni, kwa mtu anayesimama. Lakini mzee wetu huja na ekicholong chake akaketi. Kwa hiyo ukuta mmoja uwe na kazi zilizotundikwa chini zaidi, mzee atazame pasipo kuinua shingo.

Maandishi yawe mafupi, ya herufi kubwa, kwa Kiturkana, Kiswahili na Kiingereza. Na kwa kuwa wengi wa wenye vyombo hawasomi, mwanafunzi asimame karibu na kueleza kwa mdomo.

Mwezi wa tatu ni wa kupokea, kupanga, kuonyesha na kurudisha. Hapo ndipo daftari linapohusika. Kila kitu kiwe na namba, jina la mwenyewe, kijiji chake, hali ya kitu kilipopokewa, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Mwenye kitu apewe stakabadhi, naye atie sahihi au alama ya kidole gumba. Kazi za wanafunzi ziandikwe vivyo hivyo. Wako miongoni mwao vijana waliokulia katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, na wazazi wao walikimbia vita katika nchi zao. Kwao maandishi yasiseme "kazi ya mkimbizi." Mtu aliyepoteza nchi asipotezewe na jina.

Bwana Mwenyekiti, naomba Mkutano huu ukubali mambo matatu. La kwanza, Chama kiwe mdhamini wa kila chombo kitakachoazimwa, na kikiharibika Chama kimlipe mwenyewe kwa bei itakayokatwa na wazee kabla chombo hakijaondoka nyumbani. La pili, wazee wawili na akina mama wawili wakae katika kamati ya maonyesho, wala wasialikwe siku ya kufungua tu kuja kupiga makofi. La tatu, maonyesho yakiisha Lodwar yaletwe hapa Lorugum kwa siku moja, chini ya mti wa wazee, ili mwenye kitu akione kitu chake kikiheshimiwa mbele ya jirani zake.

Tukikataa, vijana watafanya maonyesho hata hivyo, lakini watachora vyombo wasivyopata kuvishika, na sisi tutalalamika kwamba hawatujui. Wamekuja kuuliza. Aulizaye hajapotea njia.

Yule mama yu hai. Wiki iliyopita nilikwenda kwake nikiwa na daftari jipya. Sikumwomba chombo. Nilimwomba jina lake na la mama yake, nikayaandika mbele yake katika mstari wa kwanza. Alinitazama kwa muda, akauliza maonyesho yatakuwa lini. Nilimjibu kwamba Mkutano ndio utakaosema.

Nimemaliza.