Mjue Anayekuuzia Kabla ya Kutuma Fedha

Mada ya elimu kwa umma kuhusu migogoro ya ununuzi wa mtandaoni, kwa wakazi wa Runzewe, Wilaya ya Bukombe

Runzewe ni mji wa barabara. Mabasi na malori yatokayo Kahama na Ushirombo kuelekea Nyakanazi hupita hapa usiku na mchana, na kila siku vifurushi hushushwa: simu, nguo za dukani, vipuri vya pikipiki, pampu za wachimbaji wadogo. Zamani mwenye duka alilazimika kufunga safari ya Kahama, Mwanza au Kariakoo. Leo huchagua bidhaa kwenye simu, hulipa kwa simu, kisha husubiri basi. Nauli imeokolewa na muda umeokolewa. Hata hivyo, biashara hii imekuja na mgogoro wa aina yake, ambao wengi wakikumbana nao hawajui waupeleke wapi.

Chukulieni mfano wa fundi cherehani. Amekopa shilingi 400,000 katika kikoba ili anunue cherehani ya pili na kumpa kazi msichana anayejifunza kwake. Kwenye simu ameona picha ya mashine mpya yenye bei nafuu. Ametuma fedha zote kwa namba aliyopewa. Baada ya siku nne kifurushi kinafika. Anapokifungua nyumbani anakuta mashine ya zamani iliyopakwa rangi, na gurudumu lake limevunjika.

Anampigia muuzaji, naye anajibu kwamba mzigo ulitoka salama, umevunjikia njiani. Anakwenda kwa wakala wa basi, anaambiwa kwamba kifurushi kilipokelewa kikiwa kimefungwa na hakuna aliyejua kilichomo. Anauandikia ukurasa ulioonesha tangazo, anajibiwa kwamba kazi yao ni kuwakutanisha wauzaji na wanunuzi, bidhaa si yao. Watu watatu, majibu matatu, na marejesho ya kikoba yanaanza wiki ijayo.

Ili kuelewa kwa nini fundi huyu amezungushwa, ni vema kulitazama soko la mtandaoni kama gulio. Katika gulio, mwenye uwanja hutoza ushuru na kugawa nafasi. Bidhaa ni za wachuuzi. Mtu akiuziwa mbuzi mgonjwa, aliyemkatia muuzaji risiti ya ushuru siye aliyemuuza mbuzi huyo. Masoko mengi ya mtandaoni huendeshwa kwa utaratibu huo huo: jina la soko ni moja na linafahamika, lakini ndani yake wamo maelfu ya wauzaji wengine, kila mmoja na mzigo wake. Tofauti ni kwamba kwenye gulio muuzaji anaonekana kwa sura, majirani wa kibanda chake wanamfahamu, na uongozi wa soko upo kusuluhisha. Mtandaoni sura hiyo haipo. Mnunuzi huamini jina la soko, kumbe fedha zake zinakwenda kwa mtu asiyemjua.

Ugumu huu haukuanzia Tanzania. Nchini China, soko la mtandaoni la Taobao lilipoanza, wanunuzi waliogopa kutuma fedha kwa wageni, na wauzaji nao waliogopa kutuma mizigo kabla ya kulipwa. Dawa yake ilikuwa Alipay, huduma iliyoanzishwa kama kampuni mwaka 2004: fedha za mnunuzi hushikwa na mtu wa kati, na muuzaji hulipwa baada ya mnunuzi kuthibitisha kwamba amepokea alichoagiza. Afrika, kampuni ya Jumia iliyoanzia Nigeria mwaka 2012 ilijijengea wateja kwa njia nyingine, yaani kulipa mzigo unapofika. Njia zote mbili zina msingi mmoja: fedha zisimfikie muuzaji kabla bidhaa haijamfikia mnunuzi.

Jumia ilifunga shughuli zake nchini Tanzania mwezi Novemba 2019. Hilo nalo lina funzo, kwamba soko la mtandaoni laweza kuondoka wakati muuzaji na mnunuzi bado wapo. Siku hizi sehemu kubwa ya ununuzi wa aina hii hufanyika kupitia kurasa za Instagram na Facebook na makundi ya WhatsApp. Huko muuzaji anapotumiwa fedha moja kwa moja kwa simu, hakuna mtu wa kati anayezishika. Ulinzi uliobaki ni ule ambao mnunuzi anajiwekea mwenyewe.

Ndugu wananchi, haya hayamaanishi kwamba sheria imenyamaza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya kielektroniki amweleze mnunuzi jina lake, anwani yake, sifa za bidhaa na bei kamili pamoja na gharama za usafirishaji. Sheria hiyo inatambua pia ushahidi wa kielektroniki: ujumbe wa simu hauwezi kukataliwa mahakamani kwa sababu tu kwamba ni wa kielektroniki. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Muuzaji aliyetangaza mashine mpya akatuma kuukuu hawezi kujificha nyuma ya maneno kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Kwa hiyo fundi wetu ana haki. Tatizo lake liko kwingine. Alipoulizwa jina kamili la muuzaji, alikuwa na jina la ukurasa tu. Alipoulizwa duka liko wapi, alijibu "Dar es Salaam". Mahakama ya Mwanzo husikiliza mashauri ya madai, tena kwa Kiswahili, lakini wito wa mahakama lazima upelekwe kwa mtu mwenye jina na mahali alipo. Haki isiyo na mlalamikiwa haina pa kwenda. Ndiyo maana mgogoro wa mtandaoni mara nyingi hushindwa au hushindikana hata kabla fedha hazijatumwa.

Yafuatayo basi ni mambo ya kuzingatia kabla ya kulipa.

Kwanza, mnunuzi aulize jina kamili la muuzaji, mahali duka lilipo na mtaa. Mwenye duka halisi hujibu bila hasira. Kama yupo ndugu au rafiki katika mji huo, aombwe apite akaone. Kariakoo ina watu wengi wenye asili ya Kanda ya Ziwa, na safari fupi ya jamaa mmoja yaweza kuokoa mtaji wa mwaka mzima.

Pili, jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri lisomwe kwa utulivu. Likitofautiana na jina alilotaja muuzaji, malipo yasimame mpaka maelezo yapatikane. Kulipa kwa Lipa Namba ya biashara ni bora kuliko kutuma kwa namba ya mtu binafsi, kwa kuwa jina la biashara huonekana na hubaki kwenye kumbukumbu ya malipo.

Tatu, mnunuzi aombe kulipa mzigo ukifika, au alipe sehemu ndogo kwanza na kumalizia baada ya kukagua. Bei ikiwa ya chini mno na muuzaji akidai fedha zote haraka kwa madai kwamba zimebaki mbili tu, hiyo ni dalili ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nne, makubaliano yaandikwe. Simu ya maneno matupu haiachi alama. Baada ya kuzungumza, mnunuzi atume ujumbe wenye aina ya bidhaa, hali yake, bei, anayegharamia usafiri na anayebeba hasara mzigo ukiharibika njiani. Muuzaji akijibu "sawa", hayo yamekuwa makubaliano. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mzigo unapofika, usibebwe nyumbani ukiwa umefungwa. Ufunguliwe hapo hapo kwa wakala, mbele yake, huku mtu mwingine akipiga picha au video kuanzia karatasi ya nje hadi kitu cha ndani. Kwa hatua hiyo moja, neno "kimevunjikia njiani" na neno "umekivunja mwenyewe" hupata jibu. Stakabadhi ya mzigo itunzwe.

Mgogoro ukitokea, mnunuzi amwandikie muuzaji siku hiyo hiyo, aeleze kasoro, aambatishe picha na aseme anachotaka: kubadilishiwa, kutengenezewa au kurudishiwa fedha, na kwa siku ngapi. Kama soko lenyewe lina utaratibu wa malalamiko au marejesho, lipelekewe taarifa kabla muda wake haujapita. Mazungumzo yasifutwe hata yakiwa na matusi. Muuzaji akikataa, malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani au shauri lifunguliwe Mahakama ya Mwanzo.

Ni muhimu pia kutenganisha ugomvi wa biashara na utapeli. Muuzaji anayejulikana aliyetuma bidhaa mbovu ni mgogoro wa madai, na polisi si wakusanya madeni. Lakini mtu aliyepokea fedha kwa duka lisilokuwepo, kisha akazima simu, ametenda jinai, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu. Hapo mwananchi apige mara moja namba 100 ya huduma kwa wateja ya mtandao wake wa simu, kwa sababu fedha zikishatolewa kwa wakala kuzirejesha ni vigumu. Kisha aripoti kituo cha polisi akiwa na kumbukumbu ya muamala. Ujumbe na namba za matapeli hutumwa pia bila malipo kwenda 15040.

Mwisho, neno kwa wauzaji wa hapa Runzewe. Asali na mchele wa wilaya hii vinaweza kufika mbali kwa njia ya mtandao, na mnunuzi wa Dodoma ana hofu ile ile aliyonayo fundi wetu. Anayetangaza asali aandike jina lake, kata yake na ujazo sahihi, na atume picha ya mzigo wenyewe, si ya kuazima. Naye ajilinde: asitoe mzigo kwa kuoneshwa ujumbe wa malipo kwenye simu ya mteja au picha yake, bali aangalie salio lake mwenyewe kwanza.

Fundi cherehani wa mfano huu anaweza kuwa jirani wa yeyote aliyepo hapa. Kabla hajatuma fedha, aliye karibu naye na amuulize swali moja: anayekuuzia anaitwa nani, na yuko wapi? Asipokuwa na jibu, fedha za kikoba zikae kwanza.