Waandishi Tuwapendao Waliokuwa Watumishi wa Serikali

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tulipoombwa na Halmashauri tuseme jioni hii juu ya waandishi tuwapendao, tulidhani kwanza ya kuwa kazi ni nyepesi. Mtu hupenda kitabu kama apendavyo chakula: hula akashiba, wala haulizwi sababu. Walakini tulipoketi kuyaandika majina yao tuliona jambo ambalo hatukuwa tumelitia maanani. Tulichagua wanne: mmoja wa habari za safari, mmoja wa mila na mashairi, mmoja wa hadithi za upelelezi, na mmoja aliyeandika karibu kila kitu. Katika wanne hao hapana hata mmoja ambaye hakula mshahara wa serikali. Wote walikaa mezani kama tukaavyo sisi, wakashughulika na karatasi za watu wengine, na zao wakaziandika kwa saa zilizobaki.

Tuanze na Martin Kayamba, maana kwetu yeye ni babu. Alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akafika kuwa karani mkuu katika ofisi ya wilaya Tanga. Na huko Tanga, mwaka 1922, alianzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika. Mwaka 1931 alipelekwa London pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza katika shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Baada ya safari hiyo alitunga kitabu kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1932. Hatusemi kuwa ni kitabu kitamu. Kayamba husifu mno aliyoyaona, na msomaji hutamani angalau mara moja akasirike. Lakini tulikuwa tumezoea kusoma wageni wakieleza nchi zetu, na huyu aliondoka hapa akaenda kuitazama nchi yao, akatueleza sisi. Kwa hilo twamsamehe sifa zake zote.

Wa pili ni Mathias Mnyampala wa Dodoma, aliyetumikia ukarani kabla ya kupanda hata kuwa hakimu. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Mama yake alimlea kwa Kigogo. Wako kati yetu wazaliwa wa bara wasemao kuwa mashairi ni mali ya watu wa pwani, nasi twawaomba wamsome mtu huyu, aliyejifunza vina na mizani akavimiliki, kisha akaitia nguvu ngonjera hata watoto wa shule wakajibizana kwayo mbele ya wazazi wao. Walakini tumpendacho zaidi ni kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Aliwauliza wazee wakiwa wangali hai, akaandika.

Hapa hatuna budi kukiri jambo. Zamani tulipokuwa katika ofisi moja ya bara, alikuwako mwenzetu, mtu mzima kuliko sisi, aliyekuwa na daftari lenye jalada jeusi. Kila saa ya mapumziko, sisi tulipokwenda kunywa chai, yeye alilifungua akaandika habari za babu zake: nani alitoka wapi, nani alichimba kisima kipi, vita gani ilipiganwa na kwa sababu ya ng'ombe gani. Tulimcheka. Tulimwita Bwana Tarehe. Siku moja mmoja wetu alilitwaa daftari akalisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima, akiigiza matamshi ya kwao, na sote tukacheka hata machozi yakatutoka. Tangu siku ile hatukuliona tena mezani. Alipofariki tulikwenda matangani, na baada ya siku tatu tukamwuliza mkewe habari za daftari. Akajibu kuwa karatasi nyingi za marehemu zilitumika kuwashia moto, hakujua kama lilikuwamo. Mtu aliyeigiza matamshi siku ile ndiye asemaye nanyi sasa.

Wa tatu atatuchangamsha kidogo. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alianza kazi katika idara ya afya huko Unguja, baadaye akawa mhariri wa magazeti. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikapigwa chapa mwaka 1960. Maiti yaonekana mzimuni, watu watetemeka, kila mmoja ana jini lake la kulaumu. Ndipo aingiapo Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, akaanza kuuliza maswali madogo madogo ambayo yaonekana hayana maana. Wako wasemao kuwa hadithi za namna hii ni mchezo, hazimpasi mtu mwenye heshima. Sisi tumejifunza kwake kusoma jalada la ofisi kwa makini kuliko tulivyojifunza katika kozi yo yote. Na tena Kiswahili chake cha Unguja ni maji ya dafu.

Tumemweka Shaaban Robert mwisho kwa sababu tungemweka mwanzo tusingefika kwa wengine. Alizaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, akawa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hata 1944, kisha akahamishwa idara hata idara, ofisi ya wilaya ya Tanga na upimaji wa ardhi zikiwamo. Akafariki mwaka 1962. Mtu aliyehamishwa hivyo angeweza kusema hana nafasi. Yeye aliandika insha, mashairi, tenzi, habari za maisha yake mwenyewe, na maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Fumba aliyeuza vyungu kabla sauti yake haijafika Bombay kutiwa katika santuri.

Kusadikika, cha mwaka 1951, ni hadithi ya nchi iliyo hewani. Karama yuko kizimbani kwa kosa la kufundisha watu sheria, na katika kujitetea asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita kutafuta maarifa ya kuifaa nchi yao, wakarudi nayo wakatupwa kifungoni. Karani ye yote aliyepata kuona ripoti njema ikifungiwa kabatini atakielewa kitabu hiki bila mwalimu.

Walakini kilicho karibu zaidi na moyo wetu ni Maisha Yangu, cha mwaka 1949. Humo amlilia mkewe Amina, na humo mna utenzi wa kumwusia binti yake, kama Mwana Kupona wa Pate alivyomwusia wake mwaka 1858. Tulikisoma mara ya kwanza mwaka tuliofiwa, usiku, kwa taa ya chemli, na hatukuweza kumaliza.

Kazi zake kadha wa kadha zilitoka baada ya kufa kwake. Utenzi wa Vita vya Uhuru, juu ya vita vya mwaka 1939 hata 1945, ulipigwa chapa mwaka 1967. Maana yake ni kwamba kwa miaka mitano baada ya maziko karatasi zile zilikuwako mahali, na hapana aliyewashia moto.

Bwana Mwenyekiti, vitabu tulivyovitaja, vile tulivyoweza kuvipata, tumevileta vimo katika rafu ya chama. Halmashauri imetukubalia pia kabati dogo lenye ufunguo. Aliye na daftari nyumbani, liwe la mashairi, la mila au la habari za wazee wake, na alilete Jumamosi baada ya saa nane. Tutakuwapo, tutalisoma pamoja naye kwa kimya, na akipenda tutampigia chapa nakala mbili, moja yake na moja ya kabati. Na bwana yule aliyeazima Mzimu wa Watu wa Kale tangu mwezi wa Machi twamwomba akirudishe, maana watu watatu wanamngoja Bwana Msa.