Kompyuta Isiyowaka Si Lazima Iwe Imekufa



Nilipowaambia wenzangu ofisini kwamba ninakuja Madibira, walidhani nitazungumzia mashine za kukoboa mpunga. Hizo nitazigusa, kwa maana zinahusika. Lakini leo nimechagua chombo kingine: kompyuta ya mezani. Iko katika ofisi ya ushirika, imebeba majina ya wakulima na magunia ya kila mmoja. Iko shuleni, imebeba alama za wanafunzi. Iko katika kibanda cha kuchapa barua, na ndiyo inayomlisha mwenye kibanda. Asubuhi moja unabonyeza kitufe, na hakuna kinachotokea: hakuna mlio wala taa.

Mimi lilinikuta nikiwa mwaka wa mwisho chuoni. Umeme ulikatika jioni, ukarudi usiku, na kompyuta yangu haikuwaka tena. Ndani yake mlikuwa na tasnifu ya miezi minane, na nakala nyingine sikuwa nayo. Fundi wa kwanza hakuifungua. Aliibonyeza mara mbili, akatikisa kichwa, akasema mazabodi imeungua, kwamba ninunue nyingine na ile nimwachie kwa bei ya chuma chakavu. Nilikaribia kukubali. Aliyeniokoa ni jirani aliyefanya kazi katika duka la intaneti. Alichukua pawa saplai ya mashine yake, akaiunganisha na yangu, nayo ikawaka. Tasnifu ilikuwa palepale ilipokuwa.

Pawa saplai ni kile kisanduku cha chuma chenye feni, kilichomo nyuma ya kasha ambalo wengi wetu huliita sipiyu. (Sipiyu yenyewe ni kipande kidogo kilichokaa juu ya mazabodi, ila jina limekwisha kuzoeleka, na sikuja kugombana nalo.) Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani, ambao hapa nchini ni volti 230, na kuugeuza uwe umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3 unaotumiwa na vipande vya ndani. Mara nyingi msukosuko wa umeme huanza kukiumiza kisanduku hiki kabla ya vingine. Taarifa zako hazikai humo. Zinakaa katika diski ngumu, na kisanduku kinaweza kuungua huku diski ikibaki salama. Basi msimruhusu mtu yeyote aichukue diski yenu kwa sababu tu kompyuta imenyamaza.

Kabla ya kwenda kwa fundi, anzeni na soketi. Chomekeni humo taa au chaja ya simu, na kama mnatumia ekstensheni, iondoeni mchomeke moja kwa moja ukutani. Kisha badilisheni waya. Waya wa monita kwa kawaida hufanana na ule wa sipiyu, na kubadilishana nyaya hizo mbili ni kipimo kisichogharimu hata shilingi. Tazameni nyuma: pawa saplai nyingi zina swichi ndogo, na mfagiaji au mtoto anaweza kuizima bila kujua. Yote yakiwa sawa, chomoeni waya, bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki katika mazabodi utoke, subirini kidogo, kisha mjaribu tena. Mashine kadhaa hufufuka hapo.

Isipofufuka, itumieni pua. Harufu ya kuungua karibu na feni ya nyuma husema mengi. Tazameni pia kama kuna taa ndogo inayowaka juu ya mazabodi. Ikiwaka, umeme wa akiba unafika, ingawa hilo halithibitishi kwamba kisanduku ni kizima. Feni ikizunguka mara moja na kusimama, huenda pawa saplai ni nzima na imejizima yenyewe kwa sababu kipande kingine kina shoti. Hapo mwachieni fundi.

Fundi mwenye ujuzi atapima volti kwa mita, au ataunganisha pawa saplai nyingine aliyo na hakika nayo. Wengine huunganisha waya wa kijani na mweusi, wakiona feni inazunguka husema kifaa ni kizima. Kipimo hicho ni nusu tu, kwa kuwa feni inaweza kuzunguka huku volti zikianguka mara mzigo unapowekwa. Ombeni kuoneshwa kipimo kabla ya kulipa.

Jambo moja ninalisema kwa mkazo: msikifungue kisanduku chenyewe. Ndani yake mna kapasita zinazobeba zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki na umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa. Kisanduku hubadilishwa kizima. Kinachonunuliwa kiwe na wati zisizopungua za kile cha zamani. Tena mchukue cha zamani dukani mkalinganishe, kwa sababu baadhi ya kompyuta za Dell na HP, hasa za kasha dogo, zina pawa saplai za umbo lao na plagi zao, na ya kawaida haiingii.

Kuna kosa jingine linaloua kompyuta zilizotumika zinazotoka nje. Marekani hutumia umeme wa volti 120 hivi. Pawa saplai za zamani zina swichi, mara nyingi nyekundu, yenye namba 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa katika soketi yetu, hupasuka papo hapo. Muuzaji anayejua kazi yake huisogeza kabla ya kuuza. Mnunuzi naye aitazame, kisha aombe kompyuta iwashwe mbele yake, apewe risiti ya EFD, na dhamana iandikwe juu ya karatasi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi dhidi ya kudanganywa, na Tume ya Ushindani (FCC) hupokea malalamiko ya namna hiyo. Bila risiti, kuthibitisha ni kazi ngumu.

Sasa nirudi kwenye mpunga. Mota ya mashine ya kukoboa, inapoanza kuzunguka, huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokwisha kuzunguka. Katika msimu wa kukoboa, walio kwenye laini moja na mashine huweza kuona taa zikififia. Umeme unapokuwa mdogo hivyo, pawa saplai hulazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi ili itoe nguvu ileile, nayo hupata joto na kuchoka kabla ya wakati wake. Stebilaiza nzuri husaidia. UPS husaidia zaidi, maana hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi. Wakati wa radi hakuna kinachoshinda kuchomoa waya ukutani.

Kuna pia hitilafu ya laini yenyewe. Waya wa nyutro ukikatika au kulegea katika laini ya fezi tatu, nyumba moja hupata umeme mdogo na nyingine hupata umeme unaoweza kukaribia volti 400. Dalili yake ni kwamba taa huwaka kwa ukali usio wa kawaida, na vyombo huungua nyumba zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Mkiona hivyo, zimeni swichi kuu mara moja kisha mpige simu TANESCO. Ikiwa ni nyumba yako peke yake, kasoro yaweza kuwa baada ya mita, katika nyaya zako mwenyewe. Hapo muiteni fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Mnaodhani hitilafu ya laini ndiyo iliyounguza vyombo vyenu, pelekeni malalamiko kwa maandishi katika ofisi ya TANESCO inayowahudumia, na mhifadhi nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Msiporidhika na majibu, leteni malalamiko hayo EWURA. Nasi husikiliza pande zote mbili, tukianza na usuluhishi. Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, linaweza kuwasaidia kuyaandaa. Barua itaje namba ya mita, siku na saa umeme ulipobadilika, vyombo vilivyoungua, na majirani walioathirika pamoja nanyi. Iambatishwe na risiti za vyombo na maelezo ya fundi yenye jina na saini yake. Na pawa saplai iliyoungua msiitupe, wala msimwachie fundi: ifungeni katika mfuko, mwandike tarehe juu yake.

Nimemwona ndugu mmoja pale nyuma aliyekuja na sipiyu yake ndani ya kiroba. Karibu mbele, kaka, na uje na waya wake. Tuanze na wewe.