Nairobi hadi Kisumu ni Mbali Kiasi Gani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Molo)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya jambo moja: kutoka Nairobi mpaka Kisumu ni mbali kiasi gani? Mtaona ni swali la mtoto wa shule. Lakini ndugu zetu wa malori wanajua kwamba mshahara wao, usingizi wao na hata uhai wao umo katika jibu lake.

Ukimwuliza mtu wa ndege atakuambia: kilomita kama 270, dakika 45 au 50. Hasemi uwongo. Ndege haina kona wala mlima. Abiria hajamaliza chai yake, mara anaona maji ya ziwa.

Barabara ni kitu kingine. Inatoka Nairobi, inateremka bondeni, inapita Naivasha na Nakuru, halafu inapanda huku kwetu hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Kisha inashuka Kericho na Ahero mpaka Kisumu. Hizo ni kilomita kama 345.

Sasa tupige hesabu. Sheria inakataza lori kupita kilomita 80 kwa saa. Hata kama njia yote ingekuwa tupu na tambarare, safari ingepita masaa 4. Lakini lori lenye mzigo likipanda Sachangwan linakwenda pole pole kama punda wa kuni. Ongeza foleni, mizani ya Gilgil, na ukungu wetu wa Molo. Masaa 8 yakiisha, dereva hakuwa mvivu.

Na tangu mwaka 2012 Sheria ya Trafiki inakataza dereva wa lori au basi kuendesha zaidi ya masaa 8 katika masaa 24. Basi tajiri anayemtaka mtu mmoja aende Kisumu na kurudi siku hiyo hiyo anamtaka avunje sheria. Na siku ya kesi, anayesimama kizimbani ni dereva.

Sisi wa hapa tumezika watu. Tarehe 31 Januari 2009, mafuta ya lori lililopinduka Sachangwan yalishika moto, wakafa zaidi ya 100. Tarehe 30 Juni 2023, lori liliwaua zaidi ya 50 pale njia panda ya Londiani. Barabara hii haitaki haraka.

Kwa hiyo tuombe mambo matatu. Kwanza, ratiba ihesabiwe kwa kilomita za barabara, pamoja na mapumziko. Pili, masaa ya kungoja mizani na kupakia yahesabiwe kuwa kazi, kwa dereva na utingo wake. Tatu, safari ya kwenda na kurudi iwe na madereva wawili, ama pesa za kulala.

Lakini tusiende kwa matajiri na malalamiko matupu. Kuanzia kesho kila dereva aandike saa ya kutoka na saa ya kufika, amletee katibu wa tawi. Daftari hilo ndilo litakalotusemea.