Wastani hautoshi njia ya Bafwasende

Kutoka Kisangani hadi Bafwasende, kwa barabara ya kitaifa namba 4, ni kilometa zipatazo 260, na mfanyabiashara anayepanga akiba ya bidhaa kwa wastani wa siku za safari anajidanganya. Muda wa lori haujipangi sawasawa pande mbili za wastani, kama mchoro wa kengele unavyodai: mwendo una kikomo, matope ya masika hayana. Mkia wa ucheleweshaji ni mrefu, na humo ndimo mtaji unamozama. Kuna watakaosema takwimu hazipo. Zipo: kila dereva anajua alipoondoka na alipofika. Ziandikwe daftarini, kisha akiba ipimwe kwa muda ambao safari 9 kati ya 10 hazikuuvuka.