Kumvika Liti: Hotuba kwa Wanafunzi wa Zamani



Niliombwa nieleze kazi yangu ya kuchora watu wa kale katika mavazi yao. Nitaeleza kosa langu moja, maana ndilo lililonifundisha.

Sote hapa Singida tumesimuliwa habari za Liti, yule mama wa Kinyaturu ambaye wazee husema aliwakabili Wajerumani kwa nyuki mwanzoni mwa karne ya 20. Hata Uwanja wa Namfua siku hizi unaitwa Liti. Nilipoamua kumchora sikuwa na picha yake ya kutazama. Nikamwomba binti mmoja akae mbele yangu, nikamvika khanga nzuri yenye methali, nikapaka rangi siku tisa. Nilijisifu sana.

Siku ya kuionyesha, kijana wa kidato cha pili alinyoosha mkono. "Shikamoo mzee. Khanga hiyo ya herufi za Kirumi, Liti aliipata wapi?" Watu walicheka, mimi sikucheka. Khanga ilianza pwani mwishoni mwa karne ya 19, na maandishi yake ya mwanzo yalikuwa ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hizi za Kirumi zilikuja baadaye. Nilikuwa nimemvika shujaa wetu nguo ya bibi yangu mimi.

Nikaenda kijijini kwa bibi mmoja mzee sana. "Mjukuu wangu," akaniambia, "mama zetu walivaa ngozi." Akanieleza jinsi ngozi ya mbuzi ilivyokwanguliwa manyoya, ikasuguliwa kwa mafuta mpaka ikalainika, na jinsi shanga zilivyoshonwa. Nikaifuta khanga, nikaanza upya.

Mwaka 1640 mchoraji Rembrandt wa Uholanzi alijichora mwenyewe katika mavazi ya karne iliyotangulia. Hakuna ubaya, maana uso ulikuwa wake. Kwa Liti ni tofauti. Mtoto akiiona picha ukutani ataamini ndivyo alivyokuwa. Msimuliaji anaweza kusema "inasemekana"; brashi haiwezi.

Kwa hiyo chini ya picha nimeandika: "Uso ni wa binti wa leo. Mavazi ni kwa maelezo ya wazee." Jamaa wengine wamenilaumu kwamba maneno hayo yanampunguzia Liti heshima. Mimi naona kumsingizia sura ndiko kumvunjia heshima.

Wadogo zetu, wazee wanaoyajua mavazi hayo wanapungua. Likizo hii kaeni nao, waulizeni, andikeni katika madaftari yenu. Na mkiona mtu mzima amekosea, nyoosheni mkono kwa adabu kama kijana yule.

Picha hii naikabidhi kwa shule leo.