Uteuzi wa Skrubu za Kujitobolea kwa Fremu za Chuma na Mabati

(Ifuatayo ni nakala ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wasimamizi wa ujenzi, walimu wakuu na wajumbe wa kamati za shule wa Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara. Yanachapishwa katika ukurasa huu wa matangazo ya Serikali kwa manufaa ya watumishi na wananchi wa Visiwani, ambao nao hujenga kwa vifaa hivi hivi.)



Nimeombwa nizungumze juu ya kitu kidogo ambacho kimoja chake hakifikii bei ya kikombe cha chai. Sababu ya kukizungumzia mbele ya hadhara hii ni kwamba siku hizi wanunuzi wa kitu hicho ni ninyi wenyewe. Elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, wanafunzi walifurika na madawati yakapungua. Ndipo mikoa yote ikaagizwa kumaliza upungufu huo ifikapo tarehe 30 Juni 2016. Mwaka 2021 zikaja fedha za mpango wa UVIKO-19, ambazo kwazo yalipangwa kujengwa madarasa 15,000 nchini, kila darasa kwa shilingi milioni 20. Kazi hizo zilifanywa kwa mafundi wa mahali penyewe, na vifaa vikanunuliwa na kamati. Hapa Tarime kuna pia miradi ya huduma kwa jamii inayotokana na mgodi wa North Mara, ambayo tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 hupangwa kwa kushirikiana na halmashauri. Kwa hiyo mjumbe wa kamati aliyezoea kununua chaki anajikuta dukani Sirari au Mugumu akiulizwa: "Skrubu gani?"

Mara nyingi jibu limeandikwa katika hati yake, nalo ni hili: "Skrubu, boksi tano." Muuzaji hana kosa akimpa zilizoko karibu na mkono wake.

Skrubu tunayoizungumzia ni ile ambayo ncha yake imechongwa kama kekee. Hutoboa chuma yenyewe, hukata hesi zake yenyewe, kisha hukaza. Fundi hahitaji kubadilisha vifaa mara tatu. Kwa upande wa kichwa, ziko aina mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ina kichwa cha pembe sita chenye wosha na mpira chini yake, na mafundi wengi huiita skrubu ya bati. Ya pili ina kichwa bapa kilichochongoka kwa chini, ambacho huzama hadi uso wake ukawa sawa na uso wa kitu kilichofungwa. Hii ya pili nitaiita skrubu ya kichwa cha kuzama.

Tuanze na dawati, kwa kuwa ndiko kichwa cha kuzama kinakohitajika kuliko mahali pengine popote. Dawati letu la kawaida ni fremu ya chuma na mbao juu yake. Mtoto hukalia mbao hizo na kuziegemeza mikono kwa saa nyingi kila siku. Kichwa kilichochomoza hurarua sketi na kaptura ambazo mzazi amezinunua kwa shida, na hukwaruza mkono. Hilo kila mtu analiona. Lisiloonekana ni lililo chini ya mbao. Ikiwa fremu ni bomba la mraba, ncha ya skrubu huishia ndani ya bomba na haimdhuru mtu. Lakini ikiwa fremu ni chuma cha pembe au ubapa, ncha hutokeza chini, mahali pale pale panapokaa magoti ya mtoto. Na ncha hiyo, tukumbuke, ni kekee. Hivyo hapana budi ncha zote zilizotokeza zikatwe na kusuguliwa kwa tupa kabla dawati halijapokelewa. Mimi sioni sababu ya mwalimu mkuu kutia saini hati ya mapokezi bila kwanza kupitisha kiganja chini ya dawati, taratibu.

Sasa liko jambo ambalo mafundi wengi hulipata kwa uchungu. Skrubu inapopita katika mbao, hesi zake hushika mbao kabla ncha haijamaliza kutoboa chuma. Hesi husonga mbele upesi kuliko kekee inavyoweza kula chuma. Basi mbao hunyanyuka, pengo hubaki kati yake na fremu, na skrubu mara nyingine hukatika. Ili kuliepuka hilo viwandani wametengeneza skrubu yenye mbawa mbili ndogo karibu na ncha. Mbawa hizo hupanua tundu katika mbao ili hesi zisishike, kisha zinapogonga chuma huvunjika zenyewe, na hesi zinashika chuma peke yake.

Ni ufundi mzuri, lakini una sharti lake. Chuma lazima kiwe kinene kiasi cha kuzivunja mbawa. Katika chuma cha pembe cha milimita 3 zitavunjika. Katika bomba jembamba, ambalo ukuta wake ni milimita 1.2 au 1.5 tu, zaweza zisivunjike. Zikapita na kupanua tundu la chuma nalo, hesi zikabaki hazina cha kushika. Dawati la namna hiyo hupokelewa likiwa zima, na baada ya muhula mmoja mbao zinacheza. Kwa bomba jembamba, ushauri wangu ni kuacha skrubu za mbawa: toboa mbao kwanza kwa kekee iliyozidi kidogo unene wa skrubu, kisha tumia skrubu ya kichwa cha kuzama isiyo na mbawa. Kazi huongezeka kidogo, lakini dawati hukaa. Kwa mbao za mkaratusi kutoboa kwanza ni lazima kwa vyovyote, maana ni ngumu na hupasuka upesi. Aidha mbao ziwe zimekauka. Mbao mbichi husinyaa, na kichwa kilichokuwa sawa na uso wake Januari kitakuwa kimechomoza kabla ya mwaka kwisha.

Ubao wa kufundishia uliofungwa kwenye fremu ya chuma, bawaba za mlango na sakafu ya mbao juu ya boriti za chuma hufuata kanuni ile ile: panapotakiwa kitu kipite, kifunge au kiguswe, kichwa kizame.

Kuna wanaovutiwa na unadhifu wa kichwa cha kuzama hata wakataka kukitumia kwenye mabati ya kuta na paa. Hapo ndipo ninapoomba tusikilizane vizuri. Kichwa cha kuzama cha skrubu Na. 8, yaani ya milimita 4.2, kina kina cha karibu milimita 2.6. Bati la geji 28 lina unene wa karibu milimita 0.4, na la geji 30 ni jembamba zaidi. Kichwa hakina pa kuzama. Kinachotokea ni kulisukuma na kulipasua bati kuzunguka tundu. Tena hakina wosha wala mpira wa kuzuia maji. Paa lililofungwa hivyo litavuja katika mvua ya kwanza, nalo halitahimili upepo.

Sote tunazijua dhoruba za ukanda huu wa Ziwa Viktoria, zinazokuja mchana na ngurumo, na mara nyingine mvua ya mawe. Upepo unapopita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na nguvu hiyo ni kubwa zaidi kwenye upenu, kwenye pembe na kwenye ncha za jengo. Mara nyingi skrubu haing'oki katika papi. Bati ndilo linalochanika na kupita juu ya kichwa, skrubu ikabaki imesimama. Kwa hiyo kichwa kipana chenye wosha ndicho kinachowakinga watoto waliomo darasani. Katika upenu na pembe skrubu zikaribiane zaidi kuliko katikati ya paa, na anayetaka kupunguza gharama asianzie hapo. Kwenye paa la bati la mawimbi skrubu ipite juu ya mgongo wa bati, ambako maji hayatuami. Kwenye ukuta yaweza kupita bondeni, ambako bati limegusa fremu.

Mpira nao una kipimo. Ukikazwa vema hutokeza kidogo pembezoni mwa wosha. Ukikazwa kupita kiasi hukunjamana na kupasuka, na bati hubonyea likawa kibakuli cha maji.

Ncha huchaguliwa kwa unene wa chuma kilicho chini. Ncha Na. 3 katika skrubu Na. 12, ambayo ni milimita 5.5, hutoboa chuma hadi karibu milimita 5. Boriti nene zaidi huhitaji ncha Na. 5, ambayo ni ndefu na hufika karibu milimita 12. Urefu wa kekee uzidi unene wa chuma chote kinachotobolewa, pamoja na nafasi iliyo kati ya tabaka zake. Ncha fupi katika chuma kinene huungua, ikawa buluu, na fundi husema skrubu ni mbovu.

Kuhusu kutu, skrubu za kung'aa zilizopakwa zinki nyembamba kwa umeme ni za ndani ya nyumba. Kwenye paa ziagizwe zenye mpako wa kazi za nje. Anayejenga Unguja, Pemba au Mafia karibu na pwani anahitaji zaidi ya hapo, kwa sababu chumvi ya hewa hula zinki upesi. Chuma cha pua cha kawaida hustahimili chumvi, lakini si kigumu vya kutosha kutoboa chuma kingine. Ndiyo maana ziko skrubu zenye mwili wa chuma cha pua na ncha ya chuma kigumu iliyounganishwa. Ni ghali, nami siwashauri watu wa Mugumu wazinunue. Wa pwani wazifikirie.

Jioni, kabla fundi hajashuka, afagie chenga zote za chuma juu ya bati. Zikilala huko na umande, asubuhi zimekuwa kutu, na rangi ya bati huharibika kuzunguka kila tundu.

Basi, ndugu wajumbe, hati ya ununuzi itaje mambo haya: kichwa cha pembe sita chenye wosha na mpira, au kichwa cha kuzama, chenye mbawa au bila mbawa, namba ya unene, urefu kwa milimita, namba ya ncha, na mpako wa ndani au wa nje. Kabla ya kupokea maboksi, chukueni skrubu tatu na kipande cha chuma kile kile mtakachojengea, mzijaribu mbele ya muuzaji. Zikikataa kutoboa pale dukani, zirudishwe siku hiyo hiyo, risiti ikiwa bado mkononi.